Pipa la Kukaushia Vijiti

Wadogo zangu wa karakana,

Siku mliyoniaga nikistaafu mlinipa saa ya ukutani na vitenge viwili. Mmoja wenu akasimama akasema mimi ndiye mwanamke wa kwanza kushika welding wilayani kwetu, na kwamba kabla roboti yenu haijaanza kujenga vyuma tabaka juu ya tabaka, kulikuwa na mkono wa Mama Teo. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, mkadhani ni haya ya kizee. Baadaye mkaniomba niandike habari za enzi hizo za mkono ili ziwekwe kwenye faili la mafunzo. Haya, naandika. Ila nawaonya mapema kwamba hamtapata mlichotegemea, maana hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza ile nafasi niliipataje.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyote viwili vilikuja vikichechemea na hakuna cha kujifunza hapo.

Mimi ni mtoto wa Bukiriro, nyumba ya migomba, kahawa na rozari. Nilisoma mpaka darasa la saba, kisha masista wakanifundisha cherehani. Nikaolewa, nikazaa mtoto mmoja, Teo, akafa kwa kichomi akiwa na miezi tisa, na ndoa haikuchukua mwaka baada ya hapo. Kwa hiyo mwaka ule watu wa Rwanda walipovuka daraja la Rusumo nilikuwa nimerudi kwa baba, mtu mzima wa miaka ishirini na tisa, nalala chumba kimoja na mbegu za maharage.

Ninyi mliozaliwa baadaye mnaviona vilima vile vina nyasi na mashamba. Wakati ule vilikuwa na rangi ya buluu kwa maturubai, kilima baada ya kilima, na moshi wake ulifika mpaka kwetu. Kuni ziliisha, visima vikakauka, na barabara ya vumbi iliyozoea basi moja kwa siku ikabeba malori ya mahindi usiku na mchana. Malori yalivunjika. Shirika moja likafungua karakana pale Nyamiaga, mabati manne na jenereta, likatafuta mtu wa kutunza stoo. Nilipewa kazi kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka.

Siku ya kwanza, msimamizi wetu Bwana Kulwa, mtu wa Mwanza, alinionyesha rafu, akanikabidhi daftari, akasema, "Kitu kikitoka, kiandike. Kisiporudi, nitakuandika wewe." Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu yote. Nilikaa humo ndani nikisoma majina ya vitu kwenye maboksi, nikijifunza kutofautisha bearing na bushi, na mafundi wakinituma makusudi kutafuta vifaa ambavyo havipo duniani. Mmoja alinisumbua asubuhi nzima na "bisibisi ya mkono wa kushoto". Niliitafuta kwa bidii kabisa.

Siku ya tatu akaja Melkiadi.

Alikuwa Mnyarwanda wa miaka hamsini hivi, mwembamba, koti lake limebaki na kifungo kimoja. Kwao alikuwa amechomelea mitambo ya kiwanda cha chai kwa miaka ishirini. Mkewe alikuwa amefia njiani. Alibaki na binti yake Beata na mtoto wa Beata, wakiishi hema moja kambini. Alikuwa na kibali cha kutoka kambini asubuhi na kurudi jioni, amekikunja ndani ya mfuko wa plastiki na kukifunga kifuani kwa uzi. Kila mwezi kibali hicho kilihitaji barua ya Bwana Kulwa. Bila kibali angekaa hemani akingoja mgao kama wengine, na mtu yule hakuwa na kipaji cha kukaa.

Aliingia stoo, akachukua kijiti kimoja cha kuchomelea kwenye pakiti iliyokuwa wazi, akakigusisha shavuni.

"Mukobwa," akaniuliza, maana ndivyo walivyoita binti kwao na kwetu pia, "hivi vinalala wapi?"

"Hapo kwenye rafu."

"Rafu ina moto?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Basi vinalala majini," akasema.

Alinieleza akiwa amechuchumaa, polepole, Kiswahili chake kikichanganyika na Kinyarwanda ambacho kwa sisi Wahangaza si lugha ya kigeni. Ule unga mkavu uliokizunguka kijiti unanyonya unyevu wa hewa kama chumvi inavyonyonya. Ukichomelea nacho, unyevu unaingia kwenye chuma kilichoyeyuka na kujificha humo. Chuma laini kinaweza kuvumilia. Chuma kigumu, cha ekseli kwa mfano, kitapasuka kwa ndani. Na hakipasuki mbele yako ukakiona. Kinangoja kesho, au wiki ijayo, wakati wewe umeshasahau.

Wiki ileile alitengeneza tanuri. Alichukua pipa la mafuta, akalilaza juu ya mawe, akalitia rafu za waya ndani na mlango wenye komeo, na chini yake jiko la mkaa lisilozimwa. Akaweka sheria moja, kwamba mlango ule unafunguliwa na mtu mmoja tu, na ufunguo akanipa mimi. Hata yeye alikuwa anagonga dirisha la stoo na kuomba vijiti kama mteja. Nilijiona mtu mkubwa sana. Katika maisha yangu hakuna aliyekuwa amenikabidhi kitu na kukiacha kabisa mikononi mwangu.

Sasa niwaeleze alivyokuwa akijenga, maana hili ndilo mlilotaka. Mnadhani kujenga chuma kwa kukimimina mstari juu ya mstari kumeanza na roboti. Melkiadi alikuwa anafanya hivyo chini ya bati, mvua ikimpigia kelele kichwani. Shafti iliyolika, meno ya greda yaliyobaki vijino, kava la pampu lililotobolewa na mchanga, vyote vililetwa kwake vikiwa maiti. Alikuwa akisema, "Chuma hakifi, kinakonda tu." Analaza mstari mmoja wa unene wa kidole cha mtoto, wa pili kando yake akiugusa kidogo ule wa kwanza, mpaka tabaka limetimia. Anapura ganda linaloachwa na kijiti juu ya mstari. Anagonga tabaka zima kwa nyundo ndogo ya duara, taratibu, akisikiliza. Anasogeza kiganja karibu na chuma bila kukigusa, na kama joto halijampendeza anakwenda kukaa. Kisha tabaka la pili anakwenda kinyume cha la kwanza. Neno lake lilikuwa "buhoro", yaani polepole, na Bwana Kulwa alilichukia neno hilo kuliko matusi. Kazi ikiisha, anaifukia kwenye majivu ya moto mpaka kesho yake, na ole wake atakayefukua.

Saa za mchana, wenzake wakila, alinifundisha kwenye vipande vya ekseli zilizovunjika. Mstari wangu wa kwanza ulifanana na njia ya kuku aliyeharisha. Aliutazama kwa heshima zote, akasema, "Umefika mwisho. Hilo nalo ni jambo." Baada ya miezi minne alikuwa ananiachia matabaka ya juu ya kazi ndogondogo. Mafundi wengine walinicheka, kisha wakazoea, kisha wakaanza kuniletea masufuria yao yaliyotoboka.

Halafu ikaja ndoano ya trela.

Lori moja kubwa la mahindi lilikuwa limelika ndoano yake ya kuvutia trela mpaka ikawa nyembamba kama mundu. Mpya ingetoka Dar es Salaam kwa wiki sita. Kambini mgao ulikuwa umeshapunguzwa. Bwana Kulwa akamwambia Melkiadi aijenge nzima, kuanzia kipande cha ekseli, iwe kubwa kama kichwa cha ndama.

"Ya kuinulia ningekujengea bila neno," Melkiadi akajibu. "Ya kuvuta mlimani, ni kazi nyingine."

"Unaweza au huwezi?"

"Naweza. Nipe siku tano, mkaa wa kutosha na vijiti vikavu."

"Umepata. Na barua ya kibali chako nitaandika ikishafungwa kwenye lori."

Hiyo ilikuwa masika. Mvua haikuwa inanyesha, ilikuwa inaishi nasi. Siku hiyohiyo Beata alikuja na lori la kambi akiwa amembeba mtoto wake, Inyasi, wa miezi saba. Mtoto alikuwa na kichomi. Hospitali ilimwandikia sindano za siku tano, mchana na jioni, ikamwambia mama amweke mtoto pakavu na penye joto. Beata alinisimulia hayo akiwa amesimama mlangoni pa stoo, maji yakimchuruzika, hema lao likiwa limevuja wiki nzima, na hakuna hata nepi moja wala blanketi lililo kavu. Mtoto alikuwa anavuta pumzi huku mbavu zikiingia ndani. Mlio ule niliujua. Nilikuwa nimeusikiliza kwa siku nne nyumbani kwa mume wangu, mpaka ukanyamaza.

Nikamwambia aingie, akae karibu na pipa. Nikafungua mlango wa pipa, nikatandaza nepi na blanketi la mtoto kwenye rafu za juu, pakiti za vijiti zikiwa chini yake. Baada ya dakika chache nikasikia harufu ya kuungua. Basi nikatoa mkaa kwa koleo, nikaacha kidogo tu, ili nguo zikauke bila kubabuka. Mvuke ulijaa humo kama kwenye sufuria ya ndizi. Nguo zilipokauka nikamvika mtoto, nikarudisha mkaa, pipa likapata moto tena.

Nilifanya hivyo siku tatu, kila mchana, kati ya sindano na sindano. Mnaweza kuniuliza kama nilijua ninachofanya. Nilijua kama mtu mwenye kiu anavyojua kwamba maji ya bwawani si mazuri. Nilijiambia ni saa moja tu. Nilijiambia moto umerudi, na moto hukausha kila kitu. Na kusema kweli nilipokuwa nikimtazama yule mtoto sikuwa nafikiri habari za vijiti hata kidogo.

Melkiadi alikuwa anamwona binti yake amekaa stoo, akidhani amejikinga mvua tu. Hakuingia, kwa sababu ya sheria yake mwenyewe. Aligonga dirisha, nikampa vijiti, akakigusisha kimoja shavuni. Kilikuwa cha moto. Akatikisa kichwa kuridhika, akaenda kujenga shingo ya ndoano, pale penye kubeba mzigo wote.

Siku ya tano Inyasi alikuwa anacheka. Ndoano ilifukiwa majivuni, ikafukuliwa, ikafungwa. Bwana Kulwa aliandika barua.

Ndoano ilivuta kwa wiki tatu. Kwenye wiki ya nne, lori likipanda mlima karibu na Runazi, upande wa Biharamulo, shingo ilikatika. Trela lilirudi nyuma lenyewe. Mnajua wenye baiskeli wanavyoshika nyuma ya malori yanayopanda ili wavutwe. Mtu mmoja wa Runazi, Evarist, mkulima, alikuwa ameshika pale na mikungu yake miwili ya ndizi. Alifia palepale barabarani.

Habari ilitufikia kwa utingo, aliyekuja amekaa juu ya lori lingine. Jioni watu walikuwa wameshaanza kusema. Sokoni walisema wakimbizi wamekula kuni zetu, wamekunywa visima vyetu, na sasa wanatuua kwa vyuma vibovu. Maneno hayo yalisemwa na watu niliosali nao kanisa moja.

Vipande viwili vya ndoano vililetwa karakana na kuwekwa juu ya meza. Mhandisi wa shirika alikuja, akapiga picha, akasema fundi hakuwa makini. Melkiadi aliomba avione. Alikigeuza kipande kwenye mwanga, akaniita, akanionyesha kwa ncha ya msumari. Ndani ya mvunjiko kulikuwa na madoa madogo ya duara yanayong'aa, kila moja na tundu jeusi katikati.

"Haya ni macho ya samaki," akasema. "Unyevu huyaacha." Halafu akaniuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi, "Mukobwa, moto wa pipa ulizimika siku zile?"

Nikajibu, "Haukuzimika."

Na kweli haukuwa umezimika. Ninyi mnaojua kazi hii mnaelewa jinsi jibu hilo lilivyo la uongo.

Alinitazama kidogo. Kisha akasema, "Basi. Kama hukuzima wewe, kosa ni langu. Nilifanya haraka mahali fulani." Akaingia ofisini akayasema maneno hayohayo mbele ya mhandisi na Bwana Kulwa. Nilikuwa nimesimama nje ya dirisha. Mlango ulikuwa wazi. Ningechukua hatua sita tu. Niliogopa kufukuzwa, niliogopa watu wa Runazi, niliogopa kurudi kwenye kile chumba cha mbegu. Nilijiambia pia kwamba nikisema, Melkiadi atajua mtu amekufa kwa sababu ya nepi za mjukuu wake. Hiyo ndiyo sababu niliyoipenda zaidi, kwa kuwa ilinifanya nionekane mwema.

Kibali chake kilichukuliwa siku hiyo. Alikifungua kile kifundo cha uzi kifuani kwa shida, vidole vyake vinene havikuwa na kucha za kufungulia, na hakuna aliyemsaidia.

Wapo wawili niliowahi kuwasimulia haya zamani, na wote waliniambia lazima alijua, alinificha kwa hisani. Sidhani. Ninachoogopa zaidi ni kwamba aliniamini.

Kesho yake Bwana Kulwa alikuja stoo na kofia ya welding ya Melkiadi mkononi. "Si amekuwa akikufundisha? Malori hayangoji. Vaa." Ukanda wa kofia ulikuwa wa kipimo cha kichwa chake. Niliukaza matundu mawili, nikaanza kazi. Hivyo ndivyo mwanamke wa kwanza alivyoshika welding wilayani kwetu.

Nilichomelea kwa hasira ya kujiadhibu. Nililinda lile pipa kama altare. Kila Jumapili nilijiambia nitakwenda kambini nimwambie, na kila Jumapili palikuwa na misa, au mvua, au mgeni. Ikapita zaidi ya mwaka hivyo. Kisha serikali ikatangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao.

Mlisoma shuleni kwamba walirudi. Mimi niliwaona. Barabara nzima ilijaa watu wakitembea kuelekea Rusumo, mikeka kichwani, kuku mikononi, wagonjwa kwenye matoroli, na watu wengi hivyo hawakuwa na kelele. Nilikwenda kusimama kando ya barabara siku mbili. Siku ya pili, mchana, nikamwona Beata, na Inyasi akitembea kwa miguu yake amemshika sketi. Nyuma yao alikuwa Melkiadi na turubai lililokunjwa begani. Alikuwa amekonda sana.

Nilimfuata nikamshika mkono. Nilikuwa nimeyapanga maneno, nimeyarudia usiku kucha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mukobwa." Alifurahi kuniona, na furaha yake ndiyo iliyonimaliza. "Wameniambia unachomelea wewe sasa."

"Ndiyo."

"Vijiti unavitunza vikavu?"

"Navitunza."

"Vizuri," akasema. "Ukiwa na wasiwasi, kijaribu shavuni."

Nikafungua mdomo. Watu waliokuwa nyuma walikuwa wanasukuma, askari akasema tembeeni, Beata akamwita baba yake. Nilitembea nao hatua kadhaa, bado nimemshika mkono. Nilichosema ni, "Safari njema." Akaniachia mkono, akapandisha turubai begani. Sikumwona tena. Nimeulizia kwa wafanyabiashara wanaovuka, nimeulizia kwa mapadri, nimetaja kiwanda cha chai. Hakuna aliyemjua.

Miaka iliyofuata siwezi kuisimulia yote. Shirika lilifunga, Warundi nao wakaja na kurudi, karakana ikanunuliwa, ikahamishwa, ikawa kubwa, ikaanza kutengeneza vyuma vya migodini. Nilijenga taya za mashine za kusagia mawe, nilijenga midomo ya vijiko vya eskaveta, nikafundisha watu. Wengine sasa ni mabosi wenu, na bado mistari yao ni ya kuku.

Roboti ililetwa nikiwa nimebakiza miaka mitatu. Nuru, mhandisi wenu mdogo, alinipa kiti nikatazama. Mkono ule mrefu wa manjano ulishuka juu ya bamba tupu, ukaanza kulaza mstari, ukarudi, ukalaza mwingine, na baada ya siku mbili pakawa na kava la pampu linalonifika kiunoni. Haikunywa chai wala haikuuliza mechi imekwisha ngapi. Lakini tabaka likiwa na joto kupita kiasi ilisimama, ikaliacha lipoe, ndipo ikaendelea. Nilimwambia Nuru, "Hiyo ni buhoro." Akadhani nimetaja aina ya programu.

Mnakumbuka siku roboti ilipokataa kuanza, taa nyekundu ikawaka, kwa sababu mtu aliacha boksi la waya wa kuchomelea wazi na mvua ilikuwa inanyesha. Nuru akasema, "Mama, ni unyevu kidogo tu, tuipite hii alamu." Nilimfokea mbele ya wageni, nikaungoa ule waya kwa mikono yangu na kuutupa nje, mkanishangaa. Tangu hapo mkaniita Mama Unyevu, mkidhani sijui. Nuru, nisamehe kwa siku ile. Haikukuhusu.

Mara nyingi nimekaa mbele ya ile mashine nikiwaza kwamba isingetia nepi za mtoto kwenye pipa. Evarist angefika kwake na ndizi zake. Halafu namwaza Inyasi na zile mbavu zinazoingia ndani, na sijui niiombe nini.

Wiki mbili baada ya kuniaga, nilipanda gari nikaenda Runazi. Sikuwa na sababu tena ya kuogopa kufukuzwa kazi, na niliona aibu kwamba hiyo ndiyo iliyonipa ujasiri. Niliuliza nyumba ya marehemu Evarist, nikaonyeshwa. Mjane wake, Skolastika, ni bibi wa miaka sabini na kitu. Alikuwa uani anamenya mihogo. Nilimwamkia, akanipa kigoda, akanipa na kisu, maana kwake mgeni hakai mikono mitupu. Nikaanza kumenya, nikamwambia yote: pipa, nepi, macho ya samaki, dirisha la ofisi, barabara ya Rusumo. Kisu chake hakikusimama.

Nilipomaliza akaniuliza, "Huyo fundi uliniambia anaitwa nani?"

"Melkiadi."

"Melkiadi." Alilitamka kama anayeonja. "Mimi jina sikulijua. Kila mwaka, siku ya Evarist, watoto wakishamwombea baba yao, mimi nabaki nyuma. Namwambia Mungu, na yule Mnyarwanda wa vyuma, umlipe alichotufanyia. Miaka yote hii. Nilikuwa hata nafunga kula kwa ajili hiyo." Akaweka kisu chini. "Sasa kama Mungu alinisikia, alimlipa nani?"

Nililia, na yeye aliniacha nilie, hakunibembeleza wala hakunifukuza.

Kisha akauliza, "Na yule mtoto? Alipona?"

"Alipona. Alikuwa anatembea siku waliyoondoka."

Akaitikia kwa kichwa. Akakusanya mihogo yote kwenye beseni, yake na yangu, akaimwagia maji. Nilisimama niage, nikasema nimekuja kuomba msamaha.

"Msamaha wa huyo fundi sina, si wangu kuutoa," akasema. "Wangu nitauangalia, nikiupata nitakutumia mtu." Akanisindikiza mpaka barabarani, mkono wake begani kwangu kwa sababu ya magoti yake. Gari lilipokuja akaniambia, "Hao wenzako uliofanya nao kazi, wanamjua Melkiadi?"

"Hawamjui."

"Waambie wewe. Evarist nitamwambia mwenyewe."